Mpira Unaojua Kurudi

Probox ilikuwa imepigwa jeki kando ya kibanda cha mabati, Soweto West, Kibera. Gurudumu la mbele lilitolewa likalazwa chini ya bodi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi, lisimwangukie mtu. Makanika aliigusa diski kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka. "Breki hii haiachilii," alisema. Ndiyo sababu gari lilikuwa likivuta upande mmoja na kunywa petroli kupita kiasi.

Mkosaji alikuwa kalipa, chuma kinachoikumbatia diski na kuibana kwa padi mbili. Ndani yake mna pistoni iliyo kama kikombe, inayosukumwa na mafuta ya breki. Kanuni yenyewe ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, shinikizo huenea sawa kila upande. Tuseme pistoni ya silinda kuu ina kipenyo cha milimita 20 na ile ya kalipa milimita 54. Eneo la hii ya pili ni kubwa mara saba na ushei, basi nguvu nayo huongezeka kwa kiasi hicho.

Hivyo ndivyo pistoni inavyokwenda mbele. Kurudi je? Breki za ngoma zina springi za kuvuta viatu vyake. Kalipa haina. Kazi hiyo hufanywa na pete moja ya mpira, yenye kingo za mraba, iliyolala kwenye mfuo ndani ya kalipa. Wengi huidhani ni ya kuzuia mafuta yasivuje tu. Pistoni ikisonga mbele, pete huing'ang'ania na kupinda nayo. Mguu ukiachia, pete hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Nafasi hiyo finyu ndiyo inayoliacha gurudumu lizunguke. Padi zikilika, pistoni huteleza mbele kidogo ndani ya pete, na breki hujirekebisha zenyewe.

Pistoni ilipaswa kutolewa, lakini hewa ya kompresa ingeifyatua na kuponda vidole. Makanika aliweka kipande cha mbao mbele yake, akamwambia kijana wake akanyage breki polepole paipu ikiwa bado imefungwa kwenye kalipa. Pistoni ikatoka, imevaa tope na kutu. Mpira wa nje wa kukinga vumbi ulikuwa umepasuka, maji yakapata njia.

Maji huingia hata bila mpasuko, kwa kuwa mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakinywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini cha kuchemka hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, mafuta ya namna hiyo yanaweza kuchemka na kutoa mvuke. Mvuke hubanika, kanyagio huzama, gari halisimami.

Kijana alikuwa ameshavuta mkebe wa petroli aoshe vifaa. "Weka hiyo chini, hiyo ni ya kuosha spana!" Mpira wa breki umeundwa uvumilie mafuta yake ya glikoli. Petroli, dizeli na oili ya injini huupenya na kuufurisha, na pete iliyofura huikaba pistoni: ugonjwa uleule uliolileta gari. Waliosha kwa spiriti. Pistoni ilikuwa imechimbika na kutu, na msasa ungezidi kuivua ngozi yake ya kromu, kwa hiyo nyingine ikatafutwa kwenye maduka ya vipuri ya Grogan. Pete mpya ililowanishwa kwa mafuta mapya ya breki, pistoni ikaingia kwa kusukumwa na mikono tu. Gurudumu la pili likafanyiwa vivyo hivyo, kisha wakatoa hewa kwenye paipu.

Zilibaki pete mbili kuukuu. Kijana, ambaye hakuwa ameridhika, aliitumbukiza moja kwenye ule mkebe na kuiacha nyingine juu ya meza. Asubuhi aliiopoa, akaipachika juu ya mwenzake. Zilikuwa za saizi moja jana yake. Sasa ile ya petroli ilikuwa imenenepa na kuizidi pande zote. Aliufunika mkebe, akausogeza kule zinakokaa spana.