KASIBA YA PANDE NANE NA HATIMA YA UFUNDI

Katika majumba ya makumbusho ya Marekani zimehifadhiwa bunduki ndefu zilizotengenezwa Pennsylvania katika karne ya 18. Azitazamaye huvutwa kwanza na kasiba, yaani mtutu wa bunduki. Kasiba hizo hazikuviringana kama bomba la maji. Zina pande nane bapa, na kila pembe imenyooka kana kwamba imechorwa kwa rula. Aghalabu kazi hiyo ilifanywa kwa nyundo, kwa tupa na kwa jicho la fundi.

Hatuitaji kazi hii kwa kutaka kuisifu silaha. Visiwa vyetu vinajua maovu ya bunduki, kwani zilizopita katika bandari ya Unguja katika karne ya 19 zilikwenda bara kuulia tembo na kutekea watu. Tunachokitazama hapa ni kazi, na kazi ya chuma ina heshima yake tangu kale. Sote tuliopita chuoni twakumbuka kuwa Sura ya 57 ya Qurani Tukufu imeitwa kwa jina la chuma, na kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma, akaamrishwa kufuma deraya na kuvipima sawasawa viungo vyake. Hakuamrishwa kufua tu, aliamrishwa kupima.

Wengi wa mafundi wa Pennsylvania walikuwa Wajerumani na Waswisi waliohamia Amerika na kukaa pande za Lancaster. Walikuja na bunduki fupi na nene ya wawindaji wa kwao. Lakini huko ugenini baruti na risasi vilipatikana kwa taabu, na mwindaji aliweza kukaa msituni siku nyingi. Basi wakairefusha kasiba hadi kufikia inchi 42 na zaidi, na tundu lake wakalipunguza hadi kiasi cha nusu inchi, ili ratili moja ya risasi itoe vidonge vingi zaidi. Hawakuiga tu walichorithi. Waliitazama haja ya watu wao, wakakibadili chombo kifuate haja hiyo.

Kazi ilianza na ubapa wa chuma laini. Ubapa huo ulitiwa motoni, ukakunjwa kuzunguka ufito wa chuma, na kingo zake zikaungwa kwa nyundo, inchi chache kwa kila safari ya moto. Ufito wa ndani ulipaswa kuchomolewa upesi kabla haujashikamana. Moto ukipungua kiungo hakishiki. Ukizidi chuma huungua. Mhunzi hakuwa na kipimajoto, bali aliisoma rangi ya chuma na cheche zake. Msaidizi wake kwenye mivukuto naye ilimpasa ajue wakati wa kuongeza pumzi na wakati wa kuipunguza. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kuvukuta ndiko kulikokuwa darasa la kwanza.

Kasiba iliyokwisha kuungwa ilitobolewa kwa keekee ndefu, moja baada ya nyingine, kila moja ikilipanua tundu kidogo. Kisha fundi alipitisha uzi ndani yake, akaukaza, akachungulia kuelekea kwenye mwanga. Uzi ulipoachana na ukuta wa tundu, alijua kasiba imepinda, akaigonga taratibu mpaka ikanyooka. Kifaa chake ni uzi tu, lakini kosa dogo halikujificha.

Hapo ndipo zilipokuja pande nane. Wengi hudhani kuwa ni pambo, lakini zilikuwa na sababu zake. Fundi asiye na mashine ya kukerezea hawezi kwa wepesi kuufanya ufito mrefu uviringane barabara. Lakini upande ulio bapa huweza kuthibitishwa kwa rula: mwanga ukipenya chini ya rula, tupa irudi kazini. Alianza kwa kuifanya kasiba kuwa ya pande nne, kisha akazipunguza pembe nne zile zikawa pande nane. Kasiba ya namna hii huketi imara katika ubao wa kitako bila kuzunguka, na upande wake wa juu hupokea vilengeo bila kuyumba. Kasiba bora, tena, hazikuwa na unene mmoja. Zilikuwa nene nyuma panapolipuka baruti, zikapungua kuelekea mbele, zikanenepa tena kidogo mdomoni, ili uzito ukae vizuri mkononi mwa mwindaji. Kuzichonga pande nane zenye kufuata mpindo huo hafifu, na tundu likabaki katikati kabisa, ni mtihani hasa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuichonga mifuo ya ndani, aghalabu saba au minane, iliyolizunguka tundu mara moja kwa takriban kila inchi 48. Mifuo hiyo huizungusha risasi irukapo, nayo ikashika njia yake. Jino dogo la chuma cha pua lilipachikwa kwenye ufito wa mti, likavutwa na kusukumwa ndani ya kasiba, likikwangua unga mwembamba wa chuma. Lilipoacha kukwangua, fundi alitia kipande cha karatasi chini yake, likainuka kwa unene wa karatasi hiyo, akaanza tena. Safari hizo zilirudiwa mara nyingi mno. Aliyetia karatasi mbili kwa pupa aliweza kuiharibu kazi ya siku nyingi.

Katika karne ya 19 viwanda vikubwa viliwashinda wahunzi hawa kwa wingi na kwa bei. Hata hivyo pande nane hazikutoweka. Kiwanda cha Winchester, kilipotoa bunduki yake ya mwaka 1873, kilimwachia mnunuzi achague kasiba ya mviringo au ya pande nane. Hata leo wako mafundi wa Marekani wanaotengeneza kasiba hizo kwa maagizo maalumu. Hutumia pau la chuma cha pua na mashine za kutobolea na kuchongea, lakini chuma kina siri yake. Nguvu zilizojificha ndani yake huweza kufunguka pande zinapochongwa, na tundu lililokuwa sawa likasogea. Kwa hiyo chuma hutiwa joto na kupozwa polepole ili kitulie, na mwishowe tundu husuguliwa kwa mkono, kwa kipande cha risasi kilichopakwa mafuta na unga wa kung'arishia. Mashine imeiharakisha kazi, lakini haikumwondoa fundi.

Kufikia katikati ya karne ya 20, walioweza kuitengeneza bunduki nzima kwa mkono, tangu ubapa wa chuma hadi mwisho, walikuwa wachache mno. Ufundi huo uliokolewa kwa vitendo. Katika mji wa Williamsburg, Virginia, taasisi inayohifadhi historia ya mji huo iliweka karakana ya mhunzi wa bunduki. Wallace Gusler, aliyeiongoza, alitengeneza bunduki nzima kwa njia za kale, na mwaka 1969 ikatolewa filamu iliyoonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua. Ufundi uliokuwa karibu kuzikwa ukapata mahali pa kufanyiwa kazi, mshahara wa fundi na wanagenzi wa kuurithi.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Uingereza haikuuacha ubora wa kasiba mikononi mwa muuzaji peke yake. Chama cha watengeneza bunduki wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na mwaka 1813 Bunge likaidhinisha nyumba ya majaribio mjini Birmingham. Kasiba ilijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ikalipuliwa. Iliyopasuka ilikataliwa, iliyosalimika ilipigwa muhuri. Mnunuzi hakuomba hisani ya fundi, alitazama muhuri.

Na sisi je? Katika miaka ya 1880 bunduki kwa makumi ya maelfu ziliingia katika pwani hii, nyingi zikiwa silaha kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya, hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaja kuwekea mipaka biashara hiyo. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja, alijulikana kwa jina la Tippu Tip, ambalo huelezwa kuwa lilitokana na mlio wa bunduki. Lakini biashara yote ile haikutuachia hapa nyumba ya kufundishia uhunzi wala nyumba ya majaribio. Pembe ilikwenda, bunduki ikaja, na ufundi ukabaki Ulaya. Taifa linalonunua kitu pasipo kujifunza kazi yake litarudi sokoni kila mwaka.

Twasema haya kwa kuwa visiwa hivi vina ufundi wa vyake wenyewe: uchongaji wa milango, uundaji wa majahazi, uhunzi wa misumari na nanga. Kila mmoja una vipimo vyake, na vingi havikuandikwa popote. Vimo mikononi mwa wazee. Mzee afarikipo bila mwanagenzi, huondoka na rula yake. Kumwalika katika maonyesho na kumpiga picha hakutoshi kuirudisha.

Kwa hiyo twawaambia wakuu wa idara kuwa uwezo wa kuinusuru kazi hii wanao. Mikataba ya kutengeneza majengo ya umma iweke sharti kwamba fundi mkuu awe na wanagenzi, na malipo yao yahesabiwe tangu mwanzo. Mkaguzi aikague kazi kwa kipimo, aikatae iliyo mbovu hata kama mwenye zabuni ni mtu anayejulikana. Vyuo vya amali navyo viwape nafasi mafundi wazee wafundishe, ingawa hawana vyeti. Kwa upande wetu wananchi, tukubali kulipa thamani ya kazi njema na kuingoja, maana anayedai mlango wa kuchonga kwa bei na muda wa mlango wa mbao za kubandika, huyo ndiye anayemfukuza fundi karakanani.

Mafundi wa Pennsylvania walikuwa na uzi, tupa na vipande vya karatasi. Vifaa vya namna hiyo hatukuvikosa. Wazee wetu wangali hai, na vijana wasio na kazi wamejaa mabarazani. Ni wajibu wa wenye madaraka kuwakutanisha sasa.