Panya wa "tak!" na kikohozi cha mchimbaji

Katika misitu ya Kongo, mwindaji anamvalisha mbwa kengele ya mti, anamwita kwa mluzi, na mbwa akifichua nyama, bora apewe kipande palepale. Ukimlipa jioni, mbwa hajui analipwa kwa kazi gani.

Ng'ambo ya ziwa letu, Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha panya buku kwa akili ileile. Mkufunzi iko na kifaa kidogo mkononi. Panya akipata harufu sahihi, kinalia "tak!", halafu anapewa ndizi. Hakuna fimbo. Mmoja wao, Magawa, alitafuta mabomu ya ardhini Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu.

Mwenye mbwa nyumbani anaweza kujaribu: mluzi wa muzee ubaki, fimbo iwekwe chini, "tak!" ya ulimi ifuatwe na ndagala moja.

Panya wengine wananusa makohozi. Mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20. Aliyoonyesha, maabara inaipima tena. Hivyo wanapatikana wagonjwa ambao darubini iliwapita.

Ndugu wa mashimo ya Misisi, hiyo inatuhusu. Vumbi la mawe linachosha mapafu, na kifua kikuu kinaingia kwa urahisi. Usingoje panya: kikohozi kikipita wiki mbili, peleka makohozi kituo cha afya. Dawa ni za bure, zinamezwa miezi sita bila kukatiza.