Masharti ya Modeli ya Mji wa Kale: Kilwa Kisiwani kwa Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa

Modeli ya mji wa kale huonesha majengo na njia za mji huo kwa umbo dogo lenye skeli maalumu. Mfano mashuhuri ni modeli ya Roma iliyoanzwa na Italo Gismondi katika miaka ya 1930, kwa skeli ya 1:250. Makala haya yanafafanua masharti matatu ambayo modeli ya Kilwa Kisiwani ingepaswa kuyatimiza endapo ingetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya zilizo katika Mkoa uleule wa Lindi.

Sharti la kwanza ni wakati. Gismondi aliichagua Roma ya enzi ya Konstantino; Kilwa nayo yahitaji uteuzi wa namna hiyo. Husuni Kubwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilhali Gereza lina asili yake katika ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Modeli inayoyaweka yote mawili yakiwa mazima huonesha mji ambao haukupata kuwapo.

Sharti la pili ni ushahidi. Kuta za matumbawe zimedumu. Miti, udongo na makuti vimeoza. Hata hivyo, Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alizieleza nyumba za Kilwa kuwa za mbao. Modeli ya mawe matupu ingewafuta wakazi wengi. Yafaa basi rangi zitofautishe kilichosimama, kilichofukuliwa na kilichokisiwa.

Sharti la tatu ni mpaka. Kwa skeli ya 1:250, Nachingwea, iliyo zaidi ya kilomita 150 kutoka kisiwani, ingeangukia zaidi ya mita 600 nje ya meza. Meza ikikomea ufukweni, bara huonekana kana kwamba halikuhusika. Ilhali utajiri wa Kilwa ulitokana na pembe za ndovu za bara na dhahabu iliyopitia Sofala. Sarafu ya sultani huyohuyo imepatikana Zimbabwe Kuu. Ramani ya biashara hiyo, yenye skeli yake, haina budi kuambatana na modeli.

Masharti haya yana uzito kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kusafiri hadi kisiwani hana magofu ya kulinganisha na anachokiona mezani. Kisio lisilotiwa alama litakuwa kwake historia yenyewe, na wilaya yake itabaki nje ya historia hiyo.