Aliitwa pimbi, kumbe ni sange

Ukiingia magofu ya Gedi asubuhi mapema ukatulia kimya, huenda ukamwona mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Huyo ni sange. Alikuwa na jamaa yake wa bara ambaye wataalamu walimkosea jina kwa miaka hamsini hivi.

Mwaka 1911 Felix Oswald alichimba mifupa ya kale kule Karungu, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1914 Charles Andrews wa jumba la makumbusho la London alichunguza taya moja dogo, akampa mwenyewe jina Myohyrax, yaani pimbi-panya. Wala hakukosea kizembe. Meno ya mnyama huyo yalikuwa marefu, ya kusaga majani magumu, kama ya pimbi. Nani angemdhania sange, ambaye sisi tunamjua kwa kula mchwa na mende?

Hadi mwaka 1965, Bryan Patterson alipoyapitia upya mabaki ya masange wa kale, akaonyesha kuwa Myohyrax alikuwa sange kweli, ila aliyegeuka mla nyasi. Aliishi zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita, na mabaki yake yamepatikana hadi Namibia.

Hata hivyo, Andrews hakuwa mbali sana. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba sange, pimbi, ndovu na hata nguva wa bahari yetu ni ukoo mmoja wa kale wa Afrika.

Masange wala nyasi wote wametoweka. Waliobaki ni wala wadudu. Mabaki kutoka Songhor, upande wa Kisumu, yanaonyesha kuwa sange wakubwa kama huyu wetu walikuwepo yapata miaka milioni 20 iliyopita, na tangu hapo hawajabadilika sana.

Huyu wa makalio ya dhahabu hapatikani popote duniani ila misitu ya pwani ya Kenya, na ngome yake kuu ni Arabuko-Sokoke. Mitego ya waya inayotegewa paa humnasa yeye pia. Na kila muhugu unaokatwa kwa ajili ya vinyago humpunguzia majani makavu, ambayo ndiyo sahani yake na ndiyo malazi yake.