Ada ilifutwa, mbona bado tunachangia? Fedha za shule zinavyofika kijijini

Kila Januari shule zinapofunguliwa, simu zetu za studio hujaa ujumbe wa aina moja. Mzazi wa Makurunge anauliza, wa Kiwangwa anauliza, wa Zinga naye anauliza: tumeambiwa elimu ni bure, sasa hii hela ya mlinzi na ya mtihani wa majaribio ni ya nini? Hewani tunajibu kwa dakika mbili, haitoshi. Tumeona tuandike hapa, usome taratibu kwenye simu yako, na ukitaka umsomee jirani.

Tuanze na neno lenyewe. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafuata kidato cha tano na sita. Ada imeondoka, lakini gharama ya kuendesha shule haijaondoka. Sare, madaftari na kalamu zimebaki kwa mzazi. Yaliyobaki yanalipwa na serikali, na fedha hizo hazipiti njia moja.

Kubwa kuliko yote ni mshahara wa mwalimu. Huu unatoka Hazina moja kwa moja, haupiti mfukoni mwa halmashauri wala kijiji. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi anaongezewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na Mkuu wa Shule ya sekondari 250,000. Kwa hiyo shule ikiwa na upungufu wa walimu, mwenyekiti wa kijiji hana fungu la kumwajiri mtu. Anachoweza ni kupiga kelele kupitia diwani na Mkurugenzi, na kelele hizo ziende hadi TAMISEMI.

Njia ya pili ni ruzuku ya uendeshaji, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hupotea. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Lakini zile 10,000 hazifiki zote shuleni. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi.

Sasa chukua karatasi tupige hesabu. 6,000 ukigawa kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Humo ndani kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo, bawaba ya mlango wa choo iliyong'oka, na nauli ya Mwalimu Mkuu akiitwa mjini Bagamoyo. Toa hela ya mlinzi hapo uone kinachobaki. Ndiyo maana tunasema mwalimu anayeomba mchango si lazima awe mwizi, ingawa wapo wanaotumia mwanya huo.

Kiwango hicho kina historia. Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mtoto, ambazo wakati ule zilikuwa karibu shilingi 10,000. Leo dola moja imepita shilingi 2,000 lakini kiwango kimekaa palepale. Chaki haikukaa palepale.

Majengo yana njia zake. Mengi tunayoyaona yakiota kando ya barabara yanatokana na miradi ya serikali kuu, mara nyingi kwa fedha za mikopo. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ule wa UVIKO-19, ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Kuna SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, yote kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Halmashauri nayo inatakiwa itenge sehemu ya mapato yake ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni na vibali, kwa ajili ya maendeleo. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo. Na wananchi wenyewe huchangia mchanga, kokoto, maji na nguvu, wakifikisha boma kwenye lenta wakisubiri serikali ipaue.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu tofauti. Kule serikali ya shirikisho hutoa karibu sehemu moja tu katika kumi. Kinachobaki hutoka serikali ya jimbo na serikali ya mtaa, na ya mtaa hutegemea sana kodi ya majengo, hivyo mtaa wa matajiri unaweza kuwa na shule tajiri. Kwetu kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU na kupita kwanza serikali kuu. Mtoto wa Makurunge na wa Masaki wanahesabiwa shilingi 10,000 ileile. Tofauti inaingia kwa mzazi wa Masaki mwenye uwezo wa kuongeza.

Turudi kwenye swali lenu. Mchango wa lazima hauruhusiwi, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu hakulipiwa. Mchango wa hiari unaruhusiwa, kama wa chakula cha mchana, wazazi wakikubaliana kwenye mkutano na kibali cha serikali kikapatikana, na mwalimu asiwe ndiye mkusanyaji. Ukitoa, dai risiti. Ukiwa huna, sema huna.

Unayo haki ya kujua shule imepokea kiasi gani. Taarifa hiyo inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ukikuta ubao mtupu, muulize mjumbe wa kamati ya shule, kisha peleka swali kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini Baraza la Madiwani hupitisha bajeti miezi kadhaa kabla, ndipo iende bungeni. Anayekumbuka choo cha shule mwezi Mei amechelewa. Ombi hilo lilitakiwa liwe kwenye mpango wa kijiji kabla ya mwaka mpya.

Kama ubao wa shule ya kwenu una takwimu, upige picha ututumie. Na kama hauna kitu, utupigie picha hivyohivyo.