Mtoto Akitaka Farasi



Wengi wetu tuliotoka pwani tulimjua punda kabla ya kumjua farasi. Kule Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, punda ndiye hamali wa mji, na tangu mwaka 1987 kipo kituo maalumu cha kumtibu. Farasi kwetu alikuwa nadra, kwani sehemu nyingi za bara mbung'o hawakumpa nafasi ya kuishi. Leo watoto wetu wanakulia Texas, ambako farasi ni jirani, nao wanaomba wanunuliwe. Ombi hilo si la kudharauliwa. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl, inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo. Lakini mnyama ni amana, na amana ina hesabu yake.

KABLA YA KUNUNUA

Tunashauri mtoto ajifunze kwanza kwa farasi wa mwalimu. Walio Dallas na Fort Worth watazame wilaya ya Denton, hasa pande za Aubrey na Pilot Point, penye mashamba mengi ya farasi. Walio Houston waelekee pande za Tomball na Magnolia. Vilabu vya vijana vya 4-H, vilivyo chini ya huduma ya ugani ya Texas A&M, navyo vina mafunzo ya farasi; ulizeni katika ofisi ya ugani ya wilaya yenu. Tena maonyesho ya mifugo ya Fort Worth, yaliyoanza mwaka 1896, na ya Houston, yaliyoanza mwaka 1932, kwa kawaida hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka. Hapo mtoto atawaona farasi wa kila namna.

Karatasi ya shamba isomwe kabla ya kutiwa sahihi. Sheria ya Texas ya mwaka 1995 inapunguza dhima ya mwenye farasi kwa madhara yatokanayo na hatari za kawaida za upandaji. Na anayeuziwa farasi adai cheti cha kipimo cha damu cha Coggins kisichozidi miezi 12.

VIFAA NA CHAKULA

Hatamu, kamba, brashi na chuma cha kuchokolea kwato hupatikana katika maduka ya chakula cha mifugo, na katika matawi ya Tractor Supply yaliyo pande zote mbili. Tandiko lililotumika linafaa likiwa zima. Kofia ngumu ya kupandia, hata hivyo, inunuliwe mpya, kwani ufa wa ile ya zamani huenda usionekane.

Farasi wa kilo 450 hula takriban kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na maji yake hayapungui lita 20. Wakati wa joto huzidi sana. Jambo moja tunalisisitiza: asipewe kamwe chakula cha ng'ombe wala cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo, hata kwa kiasi kidogo. Majani ya alfalfa nayo yakaguliwe, maana huweza kuwa na mbawakawa wenye sumu, wanaodhuru hata wakiwa wamekufa.

Wenye paka nao wasisahau: sheria ya Texas inataka paka na mbwa wachanjwe kichaa cha mbwa kabla ya kutimiza wiki 16.

MAFUNZO YA MWANZO

Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, wala kilicho chini ya pua yake. Basi mwendee kwa upande wa bega, ukisema naye kwa upole. Mwongoze ukiwa kushoto kwake, wala usijizungushie kamba mkononi, akishtuka atakuburura.

Msingi wa mafunzo ni kumkaza na kumlegezea. Mguse kifuani ili arudi nyuma. Akirudi hatua moja tu, ondoa mkono papo hapo. Kule kulegezewa ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa, hajui alichofanya vyema. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zatosha, nanyi mmalizie kwa jambo analoliweza.

NENO KWA WAZAZI

Tuulizane majumbani. Nani atamlisha alfajiri? Nani atamlipa fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8? Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Mtoto wa miaka 12 atakwenda chuoni, na mnyama atabaki mikononi mwa baba na mama. Familia isiyo na majibu iendelee kulipia masomo tu. Mtoto atajua kupanda, na hakuna kiumbe atakayedhulumiwa.

Wabillahi tawfiq.