Daraja la Matao 37

Mto Ouse, katika jimbo la Sussex kusini mwa Uingereza, ni mdogo. Bonde lake ndilo pana, nalo lilikaa katikati ya njia ya reli ya kutoka London kwenda Brighton. Kwa kuwa garimoshi haliwezi kushuka mteremko mkali na kuupanda tena, ilibidi lijengwe daraja la matofali kutoka ukingo hadi ukingo.

Ujenzi ulianza mwaka 1839 chini ya mhandisi John Urpeth Rastrick, na msanifu David Mocatta akalipamba kwa vibanda vinane vya mawe kwenye ncha zake. Treni zikaanza kulivuka Julai 1841. Lina urefu wa mita 450 na kimo cha mita 29, na lilimeza matofali yapatayo milioni 11. Ili kupunguza uzito na matofali, Rastrick aliacha uwazi mrefu ndani ya kila nguzo. Asimamaye chini huona mlango ndani ya mlango, hadi upande wa pili wa bonde.

Gharama yake ilikuwa pauni 38,500. Lakini mvua na baridi havina huruma: mawe yakamomonyoka, hata ukarabati wa 1996 hadi 1999 ukagharimu pauni milioni 6.5 hivi. Treni zingali zikipita.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, arithiye jengo amerithi pia kazi ya kulitunza.